Siku nne kwa wamama wa sambaza, kisiwani Idjwi



Wengine kati yenu mliuliza kwa nini juma lililopita hamkuona barua yetu. Tulikuwa ng'ambo. Shirika lilituma wamama watano kwenda kisiwani Idjwi, katika kijiji kidogo cha wavuvi, kutembelea kikundi cha wamama kilichokuwa kinatuita tangu Pasaka. Sisi tunaoandika tuliwekwa katika safari hiyo kwa sababu moja tu: pale ndipo tulipoanza kazi ya ualimu. Tulipotoka ISP na diploma yetu mpya, tulipewa miaka miwili ya kwanza ya sekondari, ile inayoitwa leo mwaka wa saba na wa nane, katika shule iliyo juu ya kilima cha kijiji hicho. Tukafundisha hesabu miaka miwili, kisha tukarudi Bukavu, na hatukukanyaga tena pale mpaka sasa.

Jina la kijiji hatuliandiki. Wamama walitufungulia nyumba zao, sanduku lao la akiba na shida zao, na waliomba jambo moja: habari ziende, majina yabaki. Tumeheshimu ombi lao.

Njia ya kufika

Idjwi iko katikati ya ziwa Kivu, kati ya Kongo na Rwanda. Ni kisiwa kirefu, karibu kilomita 40 toka kusini mpaka kaskazini, na ni teritwari nzima ya Kivu ya Kusini. Watu wengi wanasema Kihavu. Sisi wa Bukavu tunaijua kwa mananasi yake na kahawa yake, tunafikiri tumeijua yote. Lakini kusema "Idjwi" ni kama kusema "Bukavu": kuna Bukavu ya barabara kubwa, na kuna Bukavu ya mteremko wa matope ambako gari haifiki.

Tulipanda boti ya mbao asubuhi na mapema, tukakaa juu ya mifuko ya unga, kati ya katoni za sabuni, mabati na godoro moja lililofungwa kwa kamba. Mwenye boti aligawa majile ya kuokolea watu. Mama mmoja alikunja ya kwake akaikalia kama mto. Tulimwomba aivae, akasema inamletea joto. Mzee aliyekaa nyuma yake alimwambia polepole kwa Kihavu maneno ambayo hatukuyasikia vizuri, na mara moja mama yule aliinuka akaivaa, akaifunga mpaka shingoni. Baadaye tulielewa kwamba mzee alikuwa amemtajia tu ndugu yake mmoja aliyebaki ziwani.

Tuliposhuka bandari ya kusini, jua lilikuwa limepita katikati. Kutoka pale kuna njia mbili: pikipiki juu ya mlima, au mtumbwi wa kasia kando ya kisiwa. Tulichagua mtumbwi kwa sababu ya mizigo. Ziwa lilikuwa limetulia, upande wa kushoto milima ya Kalehe ilikuwa ya bluu, upande wa kulia migomba ilishuka mpaka kwenye maji. Watoto walikimbia ukingoni wakipiga kelele za salamu. Jua lilikuwa karibu kuzama tulipofika.

Nyumba za kijiji hazifiki themanini. Ni za udongo na mabati, zimebanana kwenye kipande kidogo cha ardhi tambarare, kisha mlima unapanda moja kwa moja. Umeme hakuna. Rezo ya simu unaipata ukipanda mpaka shule. Kituo cha afya kiko mwendo wa saa moja na nusu kwa mguu, na mvua ikinyesha ni zaidi. Mashamba ni madogo, na kila mwaka yanagawanywa tena kati ya ndugu. Kwa hiyo kijiji kinaishi kwa kitu kimoja: sambaza.

Samaki aliyekuja kama mgeni

Wengi wetu tunakula sambaza kila juma bila kujua kwamba si samaki wa ziwa hili. Ziwa Kivu lilikuwa maskini wa samaki tangu zamani. Chini kabisa kuna gesi nyingi na hakuna hewa ya samaki kupumua, kwa hiyo wanaishi tu katika tabaka la juu, kama mita 60, hata kama ziwa lenyewe linakwenda chini karibu mita 480. Na katika tabaka hilo la juu, katikati ya ziwa, hapakuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea. Mwishoni mwa miaka ya 1950 walileta vifaranga vya samaki kutoka ziwa Tanganyika wakavimwaga Kivu. Waliofaulu ni hawa wadogo tunaowaita sambaza. Walizaana, wakajaza ziwa, na leo kuna vijiji vizima, Kongo na Rwanda, vinavyopata minervali, dawa na mabati kwao.

Sambaza wanavuliwa usiku. Wavuvi wanafunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu ya mikalitusi, inakuwa kama mnyama mwenye pembe ndefu mbele na nyuma. Wavu unashushwa katikati. Taa zinawashwa juu ya maji, samaki wanafuata mwanga, kisha wavu unainuliwa. Jioni, mitumbwi inapotoka, wanaume wanaimba ili makasia yaende pamoja. Tulisimama ukingoni tukasikiliza mpaka sauti zikapotea. Halafu mbali, gizani, zikawaka taa moja moja, mpaka ziwa likawa kama mji.

Shikeni neno hili, kwa sababu ndilo lililotufungua macho: taa inafaa tu usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa, mwanga umetawanyika kila mahali na samaki hawafuati taa. Wavuvi wanapumzika siku kadhaa, wanashona nyavu, wanakunywa kasiksi yao. Mwezi ukifichama, kazi inarudi.

Kazi ya wamama inaanza alfajiri

Wanawake hawapandi mitumbwi ile mitatu. Ndiyo desturi. Lakini samaki wakigusa mchanga, ni mali ya wamama. Saa kumi na moja ya asubuhi tuliwakuta tayari na mabeseni, na watoto mgongoni, wengine wamejifunika bulangeti kwa baridi. Mwenye mitumbwi anatoa sehemu yake, wafanyakazi wake wanapata yao, nyingine inauzwa pale pale. Mama asiye na pesa, na ni wengi, anachukua samaki kwa deni. Atalipa siku ya soko.

Tangu saa hiyo anashindana na jua. Sambaza mbichi hangoji. Lazima aoshwe, atandazwe, ageuzwe, afukuziwe nzi na kuku. Jua likiwa kali, kesho yake amekauka na anaweza kusafiri mpaka Bukavu ama Goma. Mvua ikinyesha siku mbili, anaoza, na deni linabaki zima. Mama mmoja alituonyesha shuka la plastiki lenye matundu: "Hili ndilo shamba langu. Likipasuka, nalala njaa."

Kwa hiyo kila mama anahitaji mikono. Na mikono iliyo karibu ni ya binti yake.

Kitabu cha mahudhurio

Hapa tunapaswa kusema jambo lisilotupendeza.

Tulipokuwa walimu pale, wasichana walikuwa wanakosa darasa juma zima, kisha wanarudi wote pamoja kama ndege. Tuliandika "hayupo" kwa kalamu nyekundu. Tuliita wazazi, hawakuja. Tuliwahubiria watoto juu ya bidii. Mwisho tulifuata sheria ya shule: aliyezidisha siku za kukosa haandikwi kwenye orodha ya mtihani. Mwaka ule waliondolewa wasichana wanne. Mmoja wao alikuwa wa kwanza katika hesabu, mbele ya wavulana wote. Tulisikitika kidogo, tukasema ni wazazi wake wamemharibu, tukaendelea.

Safari hii tulimkuta ukingoni. Ana miaka ishirini na kitu, ana watoto watatu, wa mwisho mgongoni. Alitutambua kabla hatujamtambua. Akaacha beseni, akapangusa mikono kwenye kitenge, akatusalimu kwa mikono miwili jinsi mwanafunzi anavyomsalimu mwalimu.

"Mama mwalimu, umerudi."

Jioni alituleta kwenye mkutano wa kikundi. Ndiye mweka hazina. Alifungua daftari, na kurasa zake zilikuwa safi kuliko zile tunazoziona kwa wanafunzi wetu wa leo: akiba, mikopo, faida, faini ya aliyechelewa, kila kitu katika mstari wake. Tulimsifu. Hakujibu. Akafungua ukurasa wa mwisho, na pale tuliona alikuwa amechora kila siku duara ndogo: nyeusi, nusu, nyeupe.

"Ni nini hii?" tuliuliza.

"Ni mwezi. Wewe ulikuwa unahesabiaka siku ku kalenda. Siye tunahesabiaka ku mwezi. Ungeangalia kitabu chako vizuri, mama mwalimu, ungeona kama tulikuwa tunakosa giza tu. Kila mwezi giza, hatupo. Mwezi ukijaa, tuko wote. Miye nilifikiri ulijua."

Hakusema kwa hasira, na hiyo ndiyo iliyotuumiza. Tulikuwa na kitabu kile mikononi miaka miwili. Tulikuwa na diploma ya kufundisha hesabu. Jambo lililojirudia kila mwezi, mbele ya macho yetu, katika majina yale yale, hatukuliona, kwa sababu hatukushuka hata asubuhi moja ukingoni saa kumi na moja kuona mahali wanafunzi wetu walipo. Tulilala usiku ule katika nyumba ya mama yake, na usingizi ulichelewa sana.

Kesho yake tulimwomba msamaha. Alisema, "Iliisha, mwalimu. Lakini saidia hawa."

Walichokifanya wenyewe

Tuwaambie ukweli: hatukuja na msaada mkubwa. Tulikuta wameanza bila sisi.

Shule ya msingi ni ya bure katika inchi yetu tangu mwaka wa masomo 2019-2020, na kijijini watoto wadogo wamejaa darasani mpaka wanakaa chini. Shida inaanza sekondari, pale samaki anapogeuka minervali. Mama anahitaji binti ili auze samaki, na anauza samaki ili binti asome. Wamama walizunguka katika fundo hilo miaka mingi. Mwaka jana walikaa wakapanga hivi:

Kwanza, wanakausha pamoja. Majuma ya giza, wamama wanagawana katika makundi ya watano. Kila siku wawili wanabaki kulinda samaki wa wote watano, wengine wanaenda shamba ama soko. Hivyo hakuna mama anayehitaji kumwita binti kutoka masomo. Watoto wanasaidia alfajiri kubeba, kisha wanaoga na kupanda shule.

Pili, walipanda wote mpaka kwa mkubwa wa shule na duara za mwezi zile. Walimwomba mambo mawili: majuma ya giza kengele ya kwanza isogezwe nyuma kidogo, na majuma ya mwezi mkubwa, watoto wanapokuwa hawana kazi, walimu wawarudishie masomo waliyokosa. Mkubwa wa shule alikubali la pili. La kwanza amesema ataliuliza juu. Bado wanangoja.

Tatu, samaki anainuliwa kutoka chini. Waliomba waume zao wajenge vitanda vya miti, urefu wa kiuno cha mtu, na juu wakatandaza wavu wa zamani. Hewa inapita juu na chini, samaki anakauka mapema, mchanga hauingii, kuku hawafiki. Mnunuzi wa mjini analipa bei nzuri kwa sambaza asiye na mchanga. Mvua ikitisha, wanafunika kwa plastiki bila kuokota samaki mmoja mmoja.

Tuliomba kuona kitabu cha mahudhurio cha mwaka wa nane. Katika juma la giza lililopita, wasichana waliokosa walikuwa wawili. Wakati wetu wangekuwa wote.

Kikombe kabla ya soko

Jambo la pili tulilolikuta linahusu kila nyumba, hata zile za mjini.

Mnaijua bwaki. Miguu inavimba, nywele zinakuwa nyekundu na nyepesi, mtoto anakaa kimya, hachezi, hataki hata mkono wa mama yake. Tulishangaa kusikia kwamba katika kijiji kinachovua samaki kila usiku, bwaki iko. Mweka hazina wetu mwenyewe, mtoto wake wa pili alivimba. "Nilikuwa na samaki nyumba nzima," alisema, "na mutoto anakula bugali na sombe tu. Kila sambaza ilikuwa ya deni. Niliiona kama pesa, sikuiona tena kama chakula." Mtoto alikaa hospitali majuma matatu. Alipona, na leo anakimbia kama wengine.

Muuguzi alimwambia: kabla ya kupima samaki wa soko, ondoa kwanza kikombe cha mtoto. Alirudi na neno hilo kikundini, na sasa ni sheria ya kikundi. Asubuhi, kabla ya beseni kupanda kichwani, kila mama anatoa kikombe kimoja mbele ya wenzake. Anayeficha analipa faini. Wanacheka wakifanya hivyo, lakini wanafanya.

Tuliuliza jinsi wanavyomlisha mtoto mdogo, kwa sababu wengi wetu tunaogopa miiba. Chukueni hii kwa nyumba zenu:

Chagua sambaza waliokauka vizuri, wasio na ukungu wala harufu mbaya. Toa mchanga wote. Wakaange katika sufuria kavu, bila mafuta, mpaka wavunjike kwa vidole. Watwange wazima, na kichwa na mifupa, kwa sababu mifupa midogo hiyo inajenga mifupa ya mtoto. Chekecha kwa kichungio cha unga. Weka unga wake katika kopo kavu lenye kifuniko. Mtoto aliyemaliza miezi sita, ambaye mpaka hapo ananyonya tu, wekea kijiko kimoja katika uji wake unapochemka, na uendelee kumnyonyesha. Anavyokua, ongeza.

Lakini mtoto aliyekwisha kuvimba, msijaribu kumponya nyumbani kwa uji huu. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mwili wake umedhoofika ndani, na chakula kingi cha ghafla kinaweza kumuua.

Shida ambazo bado

Tusiwafanye muamini kwamba yote yamekaa sawa.

Kuna habari ya chandarua. Asubuhi moja tuliona wamama wanne ndani ya maji mpaka kifuani, wanavuta supaneti kando ya majani. Walikamata vifaranga, vidogo kama sindano. Kila mtu pale anajua kwamba samaki anazaa na kukulia karibu na ukingo, na kwamba anayevuta vifaranga leo anamaliza sambaza wa kesho. Tena chandarua hicho kilitolewa kwa ajili ya malaria, na mtoto analala bila kinga. Ni kitu kilichokatazwa. Lakini wamama wale wanne ni wajane.

Idjwi ina wajane wengi wa ziwa. Miaka ile kahawa ilipokosa bei kwetu, wanaume walikuwa wanaipakia usiku kwenye mitumbwi midogo na kuvuka kwa siri kwenda Rwanda. Upepo ulikuwa unawakuta katikati. Wengi hawakurudi, na wake zao walibaki bila shamba, bila mtumbwi, bila mtu wa kuwapa samaki kwa deni. Kikundi kimeahidi mkopo mdogo kwa mjane atakayeacha supaneti, ili anunue samaki wakubwa na kukausha pamoja na wengine. Wawili wamekubali. Mmoja, koko wa miaka mingi, alituambia mbele ya wote: "Mkopo unarudishwa. Kama jua halikuwaka, miye nitarudisha na nini?" Hakuna aliyepata jibu jioni ile, hata sisi. Mkutano ulifungwa, na swali la koko limebaki kwenye daftari ya mweka hazina ili lirudi mkutano ujao.

Kuna pia ziwa lenyewe. Mama mwenye uchungu wa kuzaa usiku anapelekwa kwa mtumbwi, na kama upepo umeamka, hapelekwi. Kikundi kina mfuko wa pembeni ambao haukopwi na mtu: ni wa mafuta ya motere, kwa mama wa kuzaa na mtoto mgonjwa tu. Wanawaomba pia wamama wenye mimba waende kukaa kwa ndugu karibu na kituo cha afya siku za mwisho, wasingoje uchungu.

Na wanasoma mbingu kuliko zamani. Kutoka kijijini unaona wazi milima ya Kalehe. Alhamisi tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko la Nyamukubi, mvua ilianguka juu ya milima ile, maji na mawe yakashuka juu ya Bushushu na Nyamukubi. Mamia ya watu walikufa, wengine wakachukuliwa mpaka ziwani. Wamama wa kisiwa wanauza samaki katika masoko ya upande ule. Walipotusimulia siku zile walizoona maji ya ziwa yamegeuka ya udongo, na vitu vya nyumba za watu vikielea, sauti zilishuka. Tangu siku ile wana masikilizano: milima ikiwa nyeusi, hakuna anayevuka, hata kama samaki wataoza.

Kesho ya kijiji kile

Tuliwauliza wanaona nini mbele. Hawakutuambia ndoto kubwa. Wanataka taa za jua badala ya zile za petroli, kwa sababu petroli inakula faida ya usiku mzima samaki wanapopungua. Wanataka mtumbwi mmoja wa kikundi wenye motere, wa kupeleka samaki waliokauka mjini bila kupitia wanunuzi watatu. Wanataka wavu wenye matundu ya kadiri, na wanataka sheria ya ziwa iwe moja kwa wote, isimshike mjane na kumuacha mwenye nyavu kubwa. Mweka hazina anataka jambo lingine: amesikia kwamba mtu mzima anaweza kumaliza masomo. Anauliza kama bado anaweza. Tumemwambia ndiyo, na tumechukua kazi hiyo juu yetu. Vitabu vya mwaka wa nane vitapanda boti juma lijalo, na vingine vitafuata.

Walimu wanaosoma barua hii, tunawaomba kitu kimoja. Fungueni kitabu cha mahudhurio mtafute jambo linalojirudia. Labda kwenu si mwezi. Labda ni siku ya soko, siku ya kuchota maji, juma la kupanda mihogo, ama siku za mwezi za wasichana wenyewe pale ambapo shule haina choo cha kufunga. Kisha nendeni mkaone mtoto yuko wapi saa hiyo kabla ya kuandika kwa kalamu nyekundu.

Na wamama wa vikundi, mkutano wa juma hili jadilianeni maswali mawili. La kwanza: katika nyumba yetu, ni chakula gani tunachouza chote na watoto wanabaki kukitazama? Mayai? Maziwa? Maharagwe? Kikombe cha mtoto kitatoka wapi? La pili ni la koko: kikundi chetu kinaweza kumsaidia vipi mama ambaye mkopo unamtisha? Mkipata jibu, tuandikieni. Tumeahidi kulipeleka ng'ambo.

Siku ya kuondoka walitujazia kopo mbili za Guigoz sambaza kavu, safi, bila mchanga hata punje. Tulitaka kulipa, wakakataa. Mweka hazina aliandika katika daftari: "zawadi, wageni", akachora duara ya siku ile. Ilikuwa nusu nyeupe. Mwezi ulikuwa unakua, na wasichana walikuwa darasani.

Tunawasalimu wote. Tubaki pamoja.